Kuhama na Keeley

Burnley, 3 Machi 2018

Dada Hazel mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Sisi hatujambo, ila Keeley ana mafua na theluji imetufungia ndani siku ya tatu leo.

Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Nimeamua kuhama shirika letu la ulezi. Najua wewe ndiye uliyeniingiza huko, na miaka sita tumekuwa walezi wa kambo pamoja. Lakini tangu ile Jumamosi ya Novemba, Keeley alipopotea tulipokuja Blackpool kukuona, afisa wa shirika akiniuliza tu, "Mtoto hajambo?" natoka jasho. Nimepata shirika dogo la Preston, hakuna anayenijua. Halmashauri iliyonikabidhi Keeley imekubali ahame nami, mradi hao wa Preston wapitie faili langu kwanza.

Usinikasirikie. Na ahsante tena kwa kuwaambia maafisa siku ile kwamba alikuwa mikononi mwako, si mwangu.

Mdogo wako,
Maureen

Blackpool, 19 Machi 2018

Maureen mdogo wangu,

Salamu zimefika. Goti linanipeleka dukani na kunirudisha, namshukuru Mungu. Mpe Keeley pole.

Kuhama ni haki yako. Ila ujue yaliyotokea huku. Shirika lako jipya lilipoomba maelezo ya Novemba, hawa wa shirika letu wakafungua upya jambo lile. Mimi niliwaambia nilisinzia na mtoto akatoka mlangoni. Nilidhani watanikaripia yaishe. Jana wamekuja maafisa wawili kumchukua Poppy wangu. Ana miaka miwili, alikuwa ameshika sikio langu, ndivyo anavyolala. Wakamwachisha kidole kimoja kimoja. Wameandika nisipewe tena mtoto chini ya miaka kumi. Nimelea miaka kumi na tisa, Maureen.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu.

Dada yako,
Hazel

Blackpool, 6 Mei 2018

Maureen,

Mko wazima? Nimepiga simu mara nne. Mara zote amepokea Keeley na kuniambia, "Anti Mo anaoga." Hakuna mtu msafi kiasi hicho.

Nasikia kwa watu kwamba umepitishwa na shirika lako jipya. Hongera.

Hazel

Burnley, 20 Mei 2018

Dada yangu,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Nakuuliza hata hivyo. Sisi tuko wazima wa mwili.

Barua zako nilizipata zote mbili. Siku ya jopo la kunipitisha walikaa watu saba, na mwenyekiti akaniuliza, "Tukio la Novemba limekufundisha nini?" Nikajibu, "Kuangalia vizuri ninayemwachia mtoto." Wote wakaitikia kwa vichwa. Nilisema hivyo juu yako, dada, kisha nikala biskuti zao.

Nawe nilikudanganya. Nilikuambia Keeley alinipotea madukani. Hakunipotea. Tuligombana ndani ya gari, akaniambia mimi si mama yake. Nikasimamisha gari nikamwambia, "Basi shuka ukamtafute!" Akashuka kwenye mvua, nikaondoka. Nilirudi baada ya dakika kumi, hayupo. Polisi walimkuta saa mbili baadaye kituo cha tramu, akiuliza watu njia ya Burnley.

Alhamisi nilimwambia nitakwenda kusema ukweli. Akaweka uma chini.

"Usiseme," akasema. "Mimi nimewaambia nilitoka mwenyewe kwa Anti Hazel. Nimewaambia mara tatu."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilikusikia kwenye simu. Ukisema watanihamisha."

Ana miaka tisa. Miezi yote hii amekuwa akinificha mimi, niliyemteremsha barabarani. Kesho nina miadi na Rosalind, afisa wangu mpya. Natamani anitumie ujumbe kwamba anaumwa.

Mdogo wako,
Maureen

Blackpool, 22 Mei 2018

Maureen,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Kama hujaenda, nenda. Usiende kwa ajili ya Poppy. Huko alipo ameshazoea, na nimewaambia wasimng'oe mara ya pili. Mimi pia nilidanganya kwa mdomo wangu. Leo nimewapigia nikasema hivyo, na barua ya kuacha ulezi nimeshaiandika. Nenda kwa ajili ya huyo anayepokea simu kwa niaba yako.

Nina hasira nawe. Ukifika nyumbani nipigie.

Dada yako,
Hazel

Burnley, 2 Septemba 2018

Dada Hazel,

U hali gani? Mimi mzima. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji.

Jana ndiyo mara ya kwanza wameniruhusu kumwona Keeley tangu niliposema ukweli wakamhamisha, kule Lancaster kwa walezi wake wapya. Ni saa moja kila mwezi, na Rosalind ananiambia aliyeomba ni Keeley mwenyewe. Amerefuka. Ana jino jipya la mbele, limekaa upande.

Alikaa mbali nami kwenye benchi. "Nilikuambia usiseme," akasema.

"Uliniambia."

"Rosalind aliniuliza tena, nikamwambia ya kweli. Hakunigombeza." Akachezea zipu ya koti. "Wewe bado unaona aibu?"

"Bado," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mimi sioni tena," akasema, akakimbilia bembea.

Mdogo wako,
Maureen