Poa ni ya Uji

Mama,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, hapa saluni Kayanga. Leo sijafungua. Mke wa bwana mifugo amegonga wee, nimemwacha agonge. Najua ungenisema kwa kufukuza wateja, lakini leo sina mikono ya kusuka kichwa cha mtu.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeniuliza hizo kwanza. Kahawa imevunwa na Deus ameianika mwenyewe, ingawa mwanao unamjua, anaanika kama anamwaga takataka. Kibanja chako cha migomba hakina shida. Adelina anakipalilia vizuri, tena kule upande wa kaburi lako anapalilia kwa mkono, hataki jembe. Umeacha mkamwana wa kweli.

Kesho kutwa ni misa yako ya kumaliza matanga. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi ya kwangu yameletwa na mjukuu wako hasa, Jovin, mwanangu, aliyeingia hapa jana na mfuko wa fulana nyeupe. Mbele kuna picha yako na kile kitenge cha zambarau. Mgongoni wameandika BIBI POA. Ukoo mzima utavaa. Ya kwangu iko hapa mapajani.

Mama, maneno hayo yametoka kinywani mwangu.

Wewe na hilo neno mlikuwa na ugomvi wenu. Jovin akikusalimia "Mambo, Bibi," unamkazia macho mpaka aseme shikamoo, kisha unampa somo: "Poa ni ya uji. Mtu hapoi." Siku moja akakuletea ushahidi wa shuleni. Mwalimu wao wa Kiingereza kawaambia Wazungu nao wanalo neno kama hilo, cool, na kwao upepo wa jioni ni cool, mtu mtulivu asiyepandwa na hasira ni cool, kiatu kizuri ni cool, na ukikubaliana na mwenzio unamjibu hivyo hivyo. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Basi Wazungu nao ni maskini wa maneno." Ukamwambia kwa Kinyambo chetu uji una neno lake, moyo una lake, na mwili wa mgonjwa una lake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikujua nilikuwa nafundishwa.

Na mimi ndiye niliyekunyang'anya Kinyambo. Wateja wangu wengi ni wake za maofisa na wafanyabiashara kutoka Bukoba na Muleba, na kila nilipoongea nawe kwenye simu walikuwa wakituiga, wanavuta maneno, wanachekana. Nikaona aibu. Aibu ya nini, Mama, hata leo sijui. Nikakuomba nikiwa kazini tuongee Kiswahili. Hukubisha. Ulisema tu, "Sawa, mwenye saluni."

Siku ile simu nilikuwa nimeibana kati ya bega na sikio, vidole vimejaa rasta. Nikakuuliza, "Mama, hali?" Ukanyamaza kidogo. Nilikuwa naujua ule ukimya wako wa kutafuta Kiswahili. Kisha ukasema, "Koku, nimepoa."

Nikacheka kwa sauti. Nikawageukia wateja nikawaambia mama yangu leo kasema poa, saluni nzima ikacheka. Nikakwambia sasa umekuwa wa mjini. Ukarudia polepole, "Nimepoa, mwanangu." Nami nikakujibu, "Poa, Mama, poa, nitakupigia." Nikakata. Asubuhi yake Deus akapiga, analia.

Msibani nikawasimulia watu hadithi hiyo. Walikuwa wamelia mpaka sauti zimekauka, nikaona niwape kitu cha kuwainua: Mama ameondoka anatania, neno lake la mwisho kwangu ni poa. Walicheka huku wakifuta machozi. Hata padri alitabasamu. Nilijiona nimefanya la maana, na Jovin akalibeba neno hilo mpaka kwa mchapaji.

Aliyenivunja ni Adelina, naye hajui. Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya ndizi jikoni kwako. Akasema siku ile ulishinda na baridi. Jua linawaka uani, wewe una blanketi mbili, miguu na mikono imepoa kabisa. Alitaka kumwita Deus atafute pikipiki mwende hospitali. Ukamkataza. Ukamwambia, "Usihangaike. Koku nimeshamwambia. Atakuja."

Kisu kilinibaki mkononi, nikashindwa kumenya.

Kutoka hapa hadi kwako Nyabiyonza si safari, Mama. Ningefika rasta za yule mteja hazijaisha. Ulinisubiri, na mimi nilikuwa nimeshakuaga kwa kicheko. Nimekukosea. Watu wataniambia siku yako ilikuwa imefika, na huenda ni kweli, lakini hilo halinifutii kosa.

Nimefikiria kunyamaza. Fulana zimeshachapishwa, watu wamelipenda neno, Jovin anajivuna. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Ila kila mmoja atakayenipa mgongo pale kanisani nitamsoma, na nitaisikia sauti yako unarudia mara ya pili.

Kwa hiyo nakuahidi. Nitaivaa, kwa sababu picha ni yako na mtoto hana kosa. Baada ya misa, watu wakiwa bado uani, nitasimama niwaambie ulichokuwa unasema. Nitasema kwa Kinyambo, na wateja wangu wakiwepo waige wanavyotaka. Sijui Deus atanitazamaje. Adelina namwogopa zaidi.

Pumzika, Mama. Watu wakishaondoka nitakuja upande wa kaburi nikae chini, nikuulize kwa lugha yako lile swali dogo nililopaswa kukuuliza siku ile, badala ya kucheka.

Mama, umepoa wapi?

Mwanao,
Koku