Jina la Kabera Halikusomwa

Mama Cibalonza mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima, unisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi ni mama wa Kabera, na hapa mtaani Iroquois, Louisville, Marekani, nani asiyemjua, beki wa mpira wa barafu, ile hoki ya kuteleza, mtoto wa kwetu milimani anayelipwa kusukumana na wazungu wakubwa kama milango, na aliyemfundisha ni mimi, donc, yaani si mimi kabisa, nilikuwa napiga deki kwenye uwanja wa barafu na yeye anajifunza kuteleza akinisubiri. Sasa mwaka 2012 zilifika siku ambazo timu kubwa zinachagua vijana, tukakaa mbele ya televisheni, nimepika sombe, majani ya muhogo anayoyapenda, wakasoma majina zaidi ya mia mbili na la Kabera halikusomwa, sombe ikabaki sufuriani. Akazima televisheni, akasema, "Ni sawa, mama, nitaenda kugonga mlango mwenyewe." Na akagonga! Timu kubwa ya Columbus wakamjaribu, wakamshusha timu ndogo, wakamwita tena, wakamshusha tena, na mwaka huu Buffalo wamempa mkataba.

Lakini Jumapili ile ya 2012, kanisani, Mama Muhoza alinigeukia mbele ya watu: "Bon, jina la mtoto limetoka?" Mama, sisi wa kambi ya wakimbizi unatujua, miaka tulisimama mbele ya ubao wa majina ya safari ya kuja Marekani, na ambaye jina lake halikutoka walimwangalia kama mgonjwa. Nikasema limetoka. Nikasema namba tano kati ya wote! Wakapiga vigelegele, na mimi nikacheza.

Sasa Kabera anakuja, Mchungaji Rudasingwa amempa nafasi ya ushuhuda, akina mama tumeshona vitenge vya kufanana, na atakaribishwa kama "namba tano wetu". Nilimwambia kwenye simu, "Mwanangu, wewe itika tu." Akanijibu, "No, Mama. Nitasema ukweli ao sikuji." Nimwambie asije, ao nimuombe tena? Miezi minane sijamwona.

Nyirabeza

Mama Kabera,

Hongera kwa mtoto, na pole. Ubao ule naujua, nami nilisimama mbele yake. Lakini mimi usinidanganye: siku ile hukumkinga Kabera, ulijikinga na macho ya Mama Muhoza. Na leo, miaka mitatu baadaye, ukimwambia aitike tu, kijana anaamini mama yake anamwonea haya.

Tena umemnyang'anya kilicho chake. Namba tano hufunguliwa mlango. Wako hakuitwa, akaenda, akashushwa, akarudi. Kanisa lenu limejaa watu ambao majina yao yalichelewa ubaoni, na wewe unataka kuwanyima ushuhuda huo kwa sababu ya vigelegele?

Leo mpigie Kabera simu huko Buffalo. Usiombe kitu, omba msamaha tu. Kesho nenda kwa Mchungaji Rudasingwa wewe mwenyewe, asije akasikia kwa mwanao. Jumapili, kabla Kabera hajashika maikrofoni, simama na kitenge chako useme: jina la mwanangu halikusomwa, nilidanganya. Mama Muhoza akicheka, mwache acheke. Kisha ukae. Ukae kabisa, mama! Usimsahihishe, usimwongezee namba.

Mkirudi nyumbani, mpikie sombe. Ile ya siku ile hakuila.