Ubao Aliokuwa Akiutazama Mama

Chumba cha Uani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu naye hajambo? Mtoto ameshaota meno, au bado anawatafuna kwa ufizi? Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu unauma, lakini huo unauma tangu wewe ukiwa darasa la pili, kwa hiyo si habari.

Baba anakula kidogo sana. Asubuhi bado anaweka vikombe viwili mezani, halafu anakumbuka, anarudisha kimoja kabatini. Mimi najifanya sijaona.

Kazi ipo. Bado napaka rangi zangu juu ya mbao, na watu bado wanauliza ni picha ya nini. Juzi seremala anayenikatia mbao aliigeuza moja juu chini, akaitazama weee, akasema afadhali hivyo. Nikaiacha hivyo hivyo.

Sasa barua yako. Unaomba ule ubao wa kijivu wenye mstari wa njano. Mama alizicheka kazi zangu zote, ila huo alitaka utundikwe mbele ya kitanda chake alipougua. "Sijui ni nini," alisema, "lakini unanipumzisha." Unasema hukumzika, basi angalau upate kile alichokuwa akikitazama. Niliposoma hapo nilishindwa kula.

Mdogo wangu, ubao ule haupo. Nimeshakuandikia barua mbili nikazichana. Ya kwanza nilisema umeliwa na mchwa. Ya pili nilisema niliufuta kwa kukosea, maana mbao zangu naziegemeza zikiwa zimegeukia ukuta, na za zamani nazipiga msasa nizitumie upya. Ungeamini. Baba mwenyewe nilimwambia hivyo, akaamini.

Ukweli ni huu. Jioni ya mazishi ulipiga simu kusema kazini wamekunyima ruhusa. Wewe, ambaye mama alikuulizia kila siku mpaka sauti ikamkauka! Kesho yake nilichukua msasa nikausugua ubao ule mpaka mti ukabaki mtupu. Nilijua ni upi. Nilijua iko siku utautaka. Hasira hasara, naijua methali hiyo tangu shule, na haikunisaidia kitu.

Nimejaribu kuupaka upya mara nne. Kijivu nakipata, njano naipata. Baba anautazama, anasema "mzuri," kisha anatoka nje. Najuta, ndugu yangu. Najuta vibaya mno.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unigombeze ana kwa ana. Baba nitamwambia mwenyewe leo, kabla bahasha hii haijafungwa, ili usije ukalazimika kunifichia siri.

Baba anakusalimu, na shangazi pia. Kinyozi wa jirani anauliza kama upara umeshakufikia. Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Mungu awalinde nyote, na moyo wako aulainishe.

Wako akupendaye, ingawa siku ile sikukupenda,

Dada yako