Tanuri la Watu Wawili

Nakivale, 3 Machi 2021

Faila mwanangu,

Habari za huko ng'ambo, Toowoomba? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti bado linanisumbua.

Nimekubaliwa kwenye mafunzo ya kuoka mikate. Ni miezi mitano, na mwishoni tunapewa tanuri, wawili wawili. Nimechoka kungojea mgao wa mahindi hapa kambini. Wametupanga kwa kura. Mwenzangu anaitwa Nyamahoro, mtu wa upande ule tuliopigana nao kule nyumbani. Usistuke.

Mama yako.


Toowoomba, 28 Machi 2021

Mama mpendwa,

Pole na goti. Watoto wazima, wanakusalimu.

Kustuka nimestuka. Kaka Wilondja tulimzika mimi na wewe, kwa jembe la kuazima. Umesahau ni nani waliomuua? Omba wakubadilishie mwenzio, au achana na hayo mafunzo. Nitakutunza mimi. Ukiamua kuoka na huyo mwanamke, basi usinieleze lolote.

Binti yako.


Nakivale, 9 Septemba 2021

Faila mwanangu,

Hujambo? Miezi mitano hupigi simu, nikaona nikuandikie tu. Goti langu ni lile lile.

Sikubadilishiwa. Wiki ya kwanza hatukusemeshana. Ya pili akaniambia, "We mama, huo unga umekukosea nini? Unakanda kama unampiga mtu."

Nikamjibu, "Nakupiga wewe."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Siku nyingine akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamweleza habari za Wilondja. Akasema mumewe naye aliuawa na vijana wa kwetu, njiani, akipeleka ng'ombe mnadani. Mikate ilikuwa imeshaumuka, tukaiingiza tanurini.

Sasa tanuri ni letu. Shule mbili zinanunua kwetu, na kuni anabeba yeye kwa sababu ya goti langu. Sisemi nimesamehe, Faila. Nasema kila asubuhi tunawasha moto pamoja.

Mama yako.


Toowoomba, 2 Oktoba 2021

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Yako nimeisoma mara tatu, mara moja nikiwa nimeketi garini, nimeshindwa kushuka kuingia kazini.

Usimsalimie kwa niaba yangu. Sijaweza bado.

Ila kila Jumapili nataja jina la kaka kwenye sala ya marehemu. Niandikie huyo mume wa Nyamahoro aliitwa nani.

Binti yako.