Chini ya Mtambaa wa Panya

Sorrel Flat, Texas
Jumapili, mwanzoni mwa Novemba

Kwako dada yangu Earlene,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale ya siku zote, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limetulia na baridi ya huko Ujerumani haijaanza kukuonea. Shemeji Dieter mpe salamu zake, umwambie zile biskuti za tangawizi alizotutumia hazikumaliza siku mbili, na kwamba Nadine ananisingizia mimi.

Sisi huku hatujambo. Pamba imeshavunwa sehemu kubwa, kiwanda kinanguruma mchana kutwa na barabara ya kwenda mjini ni nyeupe pande zote mbili. Nadine ni mzima, Shelby ni mzima, nami ni mzima wa mwili. Ningepiga simu, ila masikio yako siku hizi hayapatani na simu, na haya ninayotaka kukueleza sitaki kuyapigia makelele mpaka jirani ayasikie.

Dada, ule ugonjwa ulioniambukiza haujapona. Bado naikumbuka ile likizo yako ya jeshi, nikiwa mtoto wa miaka kumi, uliposhuka na begi lenye mpira wa duara ndani yake. Ulinifundisha kupiga pasi pale kwenye kipande cha udongo ambapo baba alikuwa anageuzia trekta. Kisha ukarudi Ujerumani, ukaolewa, ukabaki huko huko. Ulinipa njaa ukaondoka na chungu. Ukaniacha katika mji ambao mpira ni ule wa yai, unaoshikwa kwa mikono na kukumbatiwa kama mtoto mchanga, na ambao mtu akisema soka wanamwangalia kama aliyesema ameona malaika.

Nadine ametoka kwenye ukoo wa mpira wa yai, unajua. Fulana ya kaka yake bado imetundikwa kwenye kioo pale mkahawani. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri, mechi za ng'ambo zinapoanza, mimi na Shelby tunakaa jikoni, sauti ya runinga tumeipunguza ili mama yake asiamke. Goli likiingia tunarukaruka kwa soksi, midomo tumefumba. Tumefanya hivyo tangu Shelby ana miaka minne. Sina mwenzangu mwingine wa soka katika wilaya nzima, wala simtafuti.

Ukienda dukani kwa Buford Tackett kununua chakula cha ng'ombe, unakuta wazee wamekaa kwenye magunia wanakunywa kahawa, na Buford hawezi kuniona akanyamaza. "Ehe, Tully, wale vijana wako jana wamefungana ngapi? Sifuri kwa sifuri? Na watu walilipa kiingilio? Mimi nikitaka kuona mtu anakimbia saa mbili asipate kitu, namtazama mbwa wangu na mkia wake." Nacheka nao, maana anayenuna ndiye anayezidishiwa. Lakini nitakuambia kitu nisichowaambia wao. Kila Ijumaa uwanja wetu unajaa mji mzima, taa zinawaka, bendi inapiga, na mimi nakaa pale nikitamani siku moja tu watu wote hawa wasimame kwa ajili ya goli moja la mguu. Ni tamaa ya kitoto kwa mtu mwenye mvi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Timu ya soka ya wasichana, ambayo nasaidia kuifundisha bila malipo, hucheza wakati wa baridi kwenye uwanja ule ule. Goli letu liko chini ya zile nguzo ndefu za mpira wa yai. Kwao mpira lazima upite juu ya mtambaa wa panya, kwetu lazima upite chini yake. Mwezi wa Agosti kamati ya wafadhili ikaamua kwamba basi la wasichana ni anasa, timu ifutwe, na vyuma vipya vya mazoezi vinunuliwe kwa ajili ya wavulana. Kocha Hutto, mkuu wa michezo wa shule, ndiye aliyekuja kuniambia, na nakiri alisema kwa aibu.

Hapo ndipo Shelby aliponiketisha. Alisema ameshatimiza masomo yote, anaweza kumaliza shule Desemba badala ya Mei. Timu ikiwepo, atabaki mpaka Mei acheze na wenzake, kisha ajaribu chuo cha Lubbock, ambako naweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Timu isipokuwepo, haoni cha kumweka. Hakuniambia atakwenda wapi, nami niliogopa kuuliza.

Mungu naye ana mambo yake. Kijana anayewapigia wavulana mateke ya pointi akaanguka kutoka kwenye trela la pamba akavunjika kifundo cha mguu. Wiki ile ile Hutto akabisha hodi kwetu wakati wa chakula, kofia mkononi. Alikula kwanza. Alipomaliza bakuli la pili la pichi za Nadine akasema, "Bwana Tully, niazime mguu wa binti yako. Watu wa shule ya Dimmock wanakuja siku ya wahitimu, wale wa zamani wanaporudi shuleni. Tukiwafunga Dimmock, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya kamati, na timu ya wasichana haitaguswa." Shelby akauliza swali moja tu, kama na basi litakuwepo. Hutto akasema litakuwepo. Shelby akasema sawa.

Kwa hiyo, dada, mji mzima ulipokuwa unaombea ushindi kanisani, mimi nilikuwa naomba binti yangu abaki nyumbani mpaka Mei.

Kazi haikuwa rahisi kwake. Tangu utotoni nimemwimbia wimbo mmoja: chini, mwanangu, juu ni kwa ndege. Sasa Hutto anamfokea, juu, juu, chini kuna nini? Lakini mtoto ana kichwa chepesi. Mechi baada ya mechi aliuinua ule mpira wa yai juu ya mtambaa wa panya kama anayerusha shati kwenye kamba. Buford akaanza kunimiminia kahawa bila kuombwa. Akasema mguu wa Shelby una akili kuliko kichwa cha baba yake, na wazee wakacheka, na kwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha yangu mwenyewe.

Siku ya wahitimu Shelby alikwenda shule na lile ua kubwa la kuvaa kifuani, riboni zinagusa magoti, kengele zinalia kila akipiga hatua, kama mlivyokuwa mkivaa zamani zenu. Jioni alilivua, akalikabidhi kwa mama yake, akavaa mabega ya plastiki na kofia ya chuma. Nadine alilishika lile ua mapajani mchezo mzima. Sijapata kumwona ameshika kitu kwa woga vile.

Sitakuchosha na mchezo. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na teke moja lingetupa tatu. Saa imebakiza pumzi. Shelby akaingia. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Haya mwanangu, tuokoe." Mimi nilikuwa nimeshika kofia yangu kwa meno.

Mpira ukarushwa nyuma kwa kijana anayeusimamisha chini ili upigwe. Ukamteleza. Ukadunda, ukaanza kubingirika nyasini, na vijana wa Dimmock wanakuja kama ng'ombe waliokatiwa uzio. Mtu yeyote aliyelelewa kwa mpira wa yai anajua la kufanya: uangukie, ulalie, uombe Mungu. Shelby hakulelewa hivyo. Aliona mpira unabingirika, na mbele yake, chini ya mtambaa wa panya, goli letu likiwa na nyavu zake, maana wasichana, wakingoja hatima yao, walikuwa na mazoezi kesho yake asubuhi. Aliusogeza kwa nje ya mguu, akamlamba chenga yule jitu wa kwanza, na kwa mguu wa kushoto akapiga shuti la chinichini. Ule mpira una umbo baya, dada, hakuna anayeweza kujua utadunda wapi. Ulidunda mara mbili ukaingia kona ya chini kulia, nyavu zikatikisika.

Nami nikasimama juu ya kiti, mikono juu, nikapiga kelele "Gooooli!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Nilikuwa peke yangu. Mji mzima umekaa kimya, bendi imeshusha ala, na mzee mmoja amesimama kama mnara anashangilia. Shelby akageuka kule uwanjani akanitazama. Waamuzi walikuwa wameshatupa vitambaa vyao vya njano, kwani kuupiga teke mpira ulioanguka ni kosa, na muda ulikuwa umekwisha. Dimmock wakaanza kurukiana. Nadine akanivuta suruali, akasema taratibu, "Keti, baba Shelby. Tafadhali keti."

Garini, tulipopita kiwanda, Nadine akauliza lile jambo kwa lugha yetu ya soka linaitwaje. Shelby akamjibu ni goli, mama. Nadine akasema, "Basi lilikuwa goli zuri," na akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, lile ua bado liko mapajani. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale.

Jumatatu Hutto aliniita. Hakunifokea. Alifunga mlango, akaniambia kwamba yeye ameangalia picha za lile tukio zaidi ya mara moja, na kwamba hajui lilikuwa kitu gani lakini lilikuwa zuri. Kisha akakuna shingo. "Ila Tully, niende kwa kamati kwa uso gani? Nilisema tukishinda. Hatukushinda." Nikamwambia namwelewa, na kweli nilimwelewa. Timu imefutwa. Wasichana wamerudisha jezi kwenye masanduku, na mmoja wao, mtoto wa Buford huyo huyo, alilia mpaka akatapika.

Jioni ile Shelby aliniambia anakotaka kwenda. Nadhani umeshakisia. Anataka kuja kwako, dada. Baada ya Krismasi. Anasema umemwambia kuna timu ya wanawake hapo kijijini kwenu na kwamba chumba cha juu kiko wazi, na anataka kujifunza Kijerumani na kazi ya uuguzi. Sikujua mlikuwa mnaandikiana. Sikukasirika, usidhani. Niliona wivu, basi. Nilikuwa nimetamani kuja huko tangu siku ile uliponiaga, kila mwaka nikasema mwakani, na pamba ikasema hapana.

Nimemruhusu. Ndiyo maana nakuandikia: mpokee mwanangu. Ni mchapakazi, anakula sana asubuhi, akinyamaza ujue ana huzuni na akisema sana ujue ana huzuni zaidi.

Lakini kuna jambo moja lazima ulijue kabla hajafika, nalo libaki kati yetu. Shelby hakukubali kwa moyo mmoja. Aliniuliza zile Jumamosi alfajiri nitakaa jikoni na nani. Aliuliza kwa utani, lakini niliona vidole vyake vinasokota pindo la fulana. Nikamwambia asiwe na shaka, kwamba tangu lile goli Buford na wazee wawili wa pale dukani wameingiwa na hamu, wameomba kuja kutazama mechi nami, na kwamba Buford ameshaanza kubishana na refa. Alicheka sana, akaniegemea begani, na siku ya pili akaenda kuomba pasipoti.

Dada, hakuna anayekuja. Buford siku hizi ananipimia chakula cha ng'ombe bila kuninyanyulia macho, na kahawa najimiminia mwenyewe. Ni uongo mtupu, nimeutunga nikiwa nimesimama, na sijutii. Akikuuliza, mwambie nimekuandikia habari zao. Mwambie yule Buford hajui sheria ya kuotea na haambiliki. Sema lolote, mradi asiangalie nyuma.

Na ukimpeleka uwanjani, goli likiingia na watu wote wakasimama, niangalizie uso wake, kisha uniandikie ulikuwaje. Sauti ya mwanangu akishangilia siijui. Sikuwahi kuisikia.

Nadine anakusalimu, anasema atafunga sweta mbili za ziada na mtungi wa pichi, ukiruhusiwa kupita. Msalimie shemeji Dieter na wote wa nyumbani, na goti ulikande usiku kwa maji ya moto usilidharau. Mungu awatunze. Mlangoni mtamfungulia mtu mmoja na begi lake, lakini mjue mnapokea nusu ya nyumba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Tully Bledsoe