Kambale wa babu Melkiori

Kandida, nimeaibika.

Leo kwenye arobaini ya babu nimesimulia ile hadithi ya kambale. Ile ile tunayoichekea kila Krismasi!

Si unaikumbuka? Mwaka 1955, babu bado kijana, aliingia dukani Ifakara kutafuta kifaa cha kutia mikono nguvu. Mwenye duka akampa springi ya kuminya. Akaiminya mara mbili, akairudisha. Akapewa mpira mgumu, akaurudisha nao.

"Hivi haviponyoki," akasema. "Nataka kinachoponyoka."

Akaenda kwa wavuvi, akanunua kambale hai. Kila asubuhi alimkamata kwenye beseni la maji uani kwa mkono mmoja, akambana mpaka samaki achoke. Kijiji kizima cha Michenga kikamwita Bwana Kambale.

Watu walicheka mpaka machozi. Bibi Tekla hakucheka.

"Waambie na Polikarpo alikuwa nani," akasema.

Polikarpo?? Sijawahi kulisikia hilo jina, Kandida!

Kumbe ni mdogo wake babu. Masika ya mwaka huohuo, kabla babu hajaingia lile duka, mtumbwi uliwapindukia mtoni. Babu alining'inia kwenye tawi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika mdogo wake. Alimshika. Bibi amerudia mara tatu: alimshika. Halafu ule mkono uliolowa ukamponyoka.



Na mimi nilikuwa bado nimesimama mbele yao wote, mkono juu, nimekunja ngumi, nikiigiza babu alivyokuwa akimbana samaki.