Mtu wa Ziwa na Papa Wawili

Jumanne, 29 Novemba 1983

Lori la Yusuf, mleta samaki, limefika kutoka Mombasa, matangi yamefunikwa kwa magunia mabichi. Nusu ya samaki wa rangi wamekufa njiani. Papa wawili wazima — si wakubwa, urefu wa mtoto wa darasa la nne. Wameingizwa kwenye bwawa kuu, lile tulilolitia chumvi wiki nzima. Bwana Johnstone hatulii. Kuanzia leo bustani yake si ya nyama choma tu, anasema, ni ya bahari.

Nilitazama kutoka dirisha langu la tiketi. Pananitosha pale.

Alhamisi, 1 Desemba

Mkutano wa wafanyakazi. Siku ya Jamhuri Dei, mwenyekiti wa chama, tawi letu, atakuja kufungua bwawa. Bwana Johnstone amenunua miwani ya maji na mrija wa kupumulia kutoka kwa Mzungu mmoja anayehama. Mwananchi mmoja, anasema, ataogelea na papa mbele ya mgeni. Akazungusha macho. Yakasimama kwangu.

"Ouma. Si wewe ni mtu wa ziwa?"

Wakapiga makofi. Jemutai, keshia wetu, akasema niwasalimie ndugu zangu huko chini, na nikiliwa yeye atarithi kiti changu.

Nimezaliwa Ainabkoi, huku milimani. Baba alikuwa kibarua wa reli. Ziwa nimeliona kwenye ramani, na maji mengi kabisa niliyowahi kuingia ni ya karai.

Nikasema, "Asante, Mzee."

Jumamosi, 3 Desemba

Kwa nini sikukataa? Agosti mwaka jana, baada ya yale mambo ya wanajeshi Nairobi, polisi walipita mtaani wakisoma vitambulisho. Jina langu la watu wa ziwa lilitosha. Nikalala seli. Bwana Johnstone ndiye aliyekuja kuwaambia, huyu ni wangu. Tangu hapo mimi ni wake. Sasa nimwambie sitaki kumfurahisha mwenyekiti, tena siku ya Jamhuri? Kuna watu wameulizwa maswali kwa kupiga miayo kwenye baraza.

Nimekula peke yangu. Jirani ana redio. Nimeegemeza kichwa ukutani nisikie salamu za wagonjwa.

Jumatano, 7 Desemba

Yusuf amebaki kuwalisha papa. Asubuhi, kabla ya kufungua, alinikuta nimesimama kwenye ngazi ya bwawa. "Karani, shuka. Upande huu maji ni ya kifua. Wallahi, hao wanakuogopa kuliko unavyowaogopa." Nikashuka. Nikavaa miwani, nikauma mrija, nikainamisha uso. Mkono mmoja umeshika ukingo.

Sijui niandikeje. Kelele zote zilizimika. Nikabaki na pumzi yangu, inaingia, inatoka. Samaki wadogo wa manjano walikuja mpaka kwenye kioo cha miwani wakanitazama. Hawakutaka kujua kwetu ni wapi. Papa walikuwa mbali, kwenye kina, wanazunguka upande mmoja tu, mmoja nyuma ya mwenzake.

Nilitoka, na nilitaka kurudi. Mchana kutwa nimetafuta mtu wa kumsimulia. Nimeishia kuwakatia watu tiketi.

Ijumaa, 9 Desemba

Nimeingia tena jana na leo. Naweza kuinama, kupumua, kusogea kidogo kidogo. Ikiwa ni upande ule wa ngazi, nitaweza. Nani atajua miguu yangu inakanyaga chini?

Yusuf ameondoka na lori. Tulipeana mikono.

Jumapili, 11 Desemba

Wamekuja watu wawili wenye suti kukagua mahali atakapokaa mgeni. Kiti chake kitawekwa ule mwisho mwingine, kwenye kina. Mwogeleaji aruke kutoka pale pale, karibu na papa, aonekane vizuri. Pale hata mtu akimbeba mwenzake mabegani, wote wawili hawaonekani.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Mzee, nina jambo naomba kusema. Nikafungua mdomo. Yule mkubwa wao mwenye suti akaniuliza jina. Nikasema. Akaliandika.

"Wa wapi?"

"Wa ziwani, Mzee. Nimekulia majini."

Sauti ilikuwa yangu. Sikujua ingetoka haraka hivyo, na nzuri.

"Basi kesho usituangushe."

Bwana Johnstone akashusha pumzi, akacheka, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Jumatatu, 12 Desemba — Jamhuri Dei

Chumba cha kubadilishia nguo. Daftari nimelileta ndani ya taulo. Wimbo wa taifa umekwisha, sasa ni kwaya ya shule. Nimevaa kaptula. Miwani iko mapajani. Nimejaribu kusali, nikajikuta narudia anwani ya posta ya baba.

Jemutai amebisha. Nilingoja mzaha. Amesema polepole, mdomo kwenye ufa wa mlango:

"Ouma, niambie ukweli. Unajua kuogelea?"

Tangu ule mkutano, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nimemwambia angoje, navaa. Nimeshavaa zamani. Huko nje spika imetaja jina langu, wanapiga makofi. Wanataja tena. Naona viatu vya Jemutai chini ya mlango. Haviondoki.